Mnasihi si Mtoa Nasaha: Mhitimu wa Kiswahili na Maombi ya Uzamili katika Saikolojia ya Unasihi

Utangulizi

Mhitimu wa Kiswahili anayetaka kuendelea na masomo huelekezwa, takriban bila kuulizwa, kwenye njia mbili: isimu au fasihi. Hata hivyo, wapo wahitimu, hasa wale waliokwisha kukaa miaka kadhaa darasani katika shule za Trans Nzoia na Bungoma, ambao nia yao imeelekea kwingine. Wameketi na mwanafunzi aliyefiwa na wazazi. Wamempokea mzazi aliyekuja kulipa karo akaishia kulia ofisini. Wametambua kwamba mafunzo waliyoyapata chuoni hayakuwatayarisha vya kutosha kwa kazi hiyo. Hao ndio wanaouliza: je, mtu mwenye shahada ya kwanza ya Kiswahili aweza kupokewa katika shahada ya uzamili ya saikolojia ya unasihi? Na ikiwa aweza, aandike nini katika maombi yake?

Makala haya yananuia kuyajibu maswali hayo. Hatutaorodhesha karatasi zinazohitajika kana kwamba tunasoma tangazo la ubaoni, kwani kila chuo kina orodha yake. Tutajikita zaidi katika jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo huwakwaza waombaji wengi kabla hata hawajafika kwenye mahojiano. Jambo lenyewe ni la kilugha: jina ambalo Kiswahili kimeipa taaluma hii linaificha kazi yake.

Jina na kazi yake

Neno lililoenea zaidi nchini Kenya ni "ushauri nasaha". Lilipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati vituo vya kupima virusi vya ukimwi kwa hiari vilipofunguliwa kote nchini na maneno hayo mawili yakaandikwa kwenye mabango, kuanzia Lodwar hadi Lungalunga. Shuleni neno lilikuwapo tayari. Wizara ya Elimu ilikuwa na kitengo cha mwongozo na ushauri tangu 1971, na Ripoti ya Gachathi ya 1976 iliitilia mkazo huduma hiyo. Adhabu ya viboko ilipoondolewa shuleni kwa tangazo la kisheria la 2001, mwaka uleule ambapo wanafunzi 67 waliangamia katika mkasa wa moto wa Kyanguli huko Machakos, ilitarajiwa kwamba ushauri nasaha ungechukua nafasi ya kiboko. Hapo ndipo mkanganyiko ulipozidi. Katika shule nyingi mwalimu yuleyule aliyekuwa msimamizi wa nidhamu ndiye aliyepewa pia ofisi ya ushauri. Mwanafunzi aliyeitwa kwenda "kupewa nasaha" alijua fika kwamba anakwenda kukaripiwa kwa sauti ya chini.

Tuyatazame maneno yenyewe. "Nasaha" ni mawaidha, maneno ya kumwelekeza mtu kwenye jambo jema. "Ushauri" nao, katika matumizi ya leo, ni maoni anayopewa mtu kuhusu la kufanya. Kwa hivyo "ushauri nasaha" ni maneno mawili yanayosema jambo moja: kuambiwa. Anayeambiwa yuko chini na anayemwambia yuko juu. Ajabu ni kwamba asili ya maneno hayo haikuwa hivyo kabisa. Kitenzi "shauri" kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya watu kuulizana rai, na maana hiyo bado imo katika "kushauriana" na katika "shauri" la wazee, ambapo hakuna anayemiliki neno la mwisho peke yake. Mzizi wa "nasaha" nao wanaleksikografia wa Kiarabu waliuhusisha na usafi, kama wa asali iliyochujwa, na pia na kushona nguo iliyochanika. Mwenye nasaha, kwa maana hiyo ya kale, ni fundi anayeunganisha kilichoraruka. Kiswahili chetu kimeyachukua maneno kikaacha sehemu hiyo ya maana nyuma.

Katika makala haya tutatumia "unasihi" kwa taaluma, "mnasihi" kwa mtaalamu, na "mteja" kwa anayemjia. Istilahi hizo nazo zimetokana na mzizi uleule wa nasaha na kwa hivyo hazijaliondoa tatizo, lakini angalau hazijachakazwa na mabango.

Kazi inayofundishwa katika uzamili ni tofauti na kutoa mawaidha. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers, ambaye kitabu chake cha 1942 na kile cha 1951 vilibadilisha mkondo wa taaluma, alishikilia kwamba mteja ndiye anayeyajua maisha yake. Kazi ya mnasihi ni kujenga uhusiano ambamo mteja huyo aweza kuyaona kwa uwazi na kuchagua mwenyewe. Rogers alisisitiza mambo matatu: kumwona mtu kwa jicho lake yeye mwenyewe, kumkubali bila masharti, na mnasihi kuwa mkweli badala ya kuvaa barakoa ya utaalamu. Shule nyingine zimekuja baadaye, na zipo zinazompa mnasihi nafasi kubwa zaidi ya kuelekeza, kama ile inayoshughulikia fikra na matendo. Lakini hata katika hizo, mnasihi haanzi kwa kusema. Huanza kwa kusikiliza, na husikiliza kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea.

Ieleweke kwamba hatudai mawaidha hayana thamani. Miongoni mwa Wabukusu, kijana aliyetahiriwa hupewa mafunzo yaitwayo khubita. Mzee mashuhuri anapofariki dunia, huitwa msemaji maalumu atoe hotuba ya kumuse mbele ya umati, akipitia historia ya jamii na kuwaonya walio hai. Hizo ni taasisi nzito, na aliyewahi kusimama jua kali akisikiliza kumuse anajua kwamba maneno yanaweza kuuponya umma uliojeruhiwa. Hata hivyo, kumuse husemwa mbele ya wote, ilhali unasihi hufanyika baina ya wawili, na siri yake hulindwa. Anayeomba nafasi ya uzamili sharti aijue tofauti hiyo na aweze kuieleza bila kuidharau mojawapo.

Neno "tu" na sikio la mwanaisimu

Turudi kwa mhitimu wetu wa Kiswahili. Anapotazama fomu ya maombi, jambo la kwanza analoliona ni upungufu wake: hana shahada ya saikolojia. Yamkini hajui kwamba tayari anacho kifaa kimoja muhimu cha kazi hiyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa miaka sitini hivi kutoka upande wa Endebess amefika kwa mnasihi kijana mjini Kitale.

"Karibu, mama. Umeamkaje?"

"Mimi niko sawa tu, mwanangu. Ni hiki kichwa tu kinanisumbua. Na mawazo."

"Mawazo."

"Eh, mawazo. Tangu tutoke kule Showground, sijawahi kulala usiku mzima."

Mtoa nasaha angejibu papo hapo: pole mama, lakini mshukuru Mungu kwamba u hai, yaliyopita yamepita. Mazungumzo yangekomea hapo, na mama angerudi nyumbani na mawazo yake.

Mwanafunzi aliyepitia somo la pragmatiki husikia mambo mengine. Kwanza, neno "tu" limetokea mara mbili katika sentensi mbili. Halikutumika kwa maana ya "peke yake". Limetumika kupunguza uzito wa kauli, kama mtu anayefunika sufuria ili mvuke usionekane. Mtu aliye sawa husema yuko sawa, na anayesema yuko sawa tu anaomba asiulizwe, au anaomba aulizwe na mtu atakayekuwa na subira. Pili, "mawazo" hapa si fikra. Katika Kiswahili cha Kitale na Bungoma, "kuwa na mawazo" ni kulemewa, na mara nyingi ndiyo njia pekee inayokubalika ya kutaja hali ambayo daktari angeiita sonona. Tatu, mama amehama kutoka nafsi ya wingi, "tutoke", hadi nafsi ya umoja, "sijawahi kulala". Walitoka wengi, lakini asiyelala ni mmoja. Hao wengine wako wapi? Swali hilo halipaswi kuulizwa mara moja. Linapaswa kujulikana kwamba lipo.

Huo ni uchanganuzi wa usemi kama tunavyoufanya katika semina za kawaida za idara zetu, tunaposoma Austin na Grice na kubishana kuhusu maana iliyofichika. Tofauti ni kwamba hapa kuna mtu mbele yetu. Mwombaji anayeweza kuandika aya moja ya namna hii, iliyotokana na usikilizaji wake mwenyewe na iliyomlinda aliyesikilizwa kwa kutotaja jina wala kijiji chake, amekwisha kuiambia kamati jambo ambalo alama za mitihani haziwezi kulisema.

Kwa nini Kitale, kwa nini Bungoma

Showground iliyotajwa na mama yule wa kubuni ni mahali halisi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale uligeuka kambi ya waliofurushwa makwao, na kambi nyingine ikawa Endebess. Wakati huohuo, upande wa Mlima Elgon, ambao leo ni sehemu ya Kaunti ya Bungoma, mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ulikuwa umezaa kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force. Kati ya 2006 na 2008 mamia ya watu waliuawa, wengine wakakatwa masikio, na maelfu wakakimbia. Machi 2008 jeshi lilianzisha Operesheni Okoa Maisha, nayo ikaacha malalamiko yake ya mateso na ya wanaume waliochukuliwa wasionekane tena. Watoto wa wakati huo leo ni watu wazima, na baadhi yao ni walimu wanaosoma jarida hili.

Eneo hili lina sifa nyingine inayotuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Ukisafiri kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha Bungoma, utasikia Lubukusu kwa wingi. Lakini ukielekea mlimani utasikia Kisabaot, ukielekea Malakisi utasikia Kiteso, na ndani ya mji wa Kitale utakutana na Wapokot, Waturkana, Wanandi, Wakikuyu na Wakisii waliokuja kwa nyakati tofauti, wengi wao kwa ajili ya mashamba. Lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, katika uzamili wa unasihi, vitabu, mihadhara, mitihani na tasnifu ni vya Kiingereza. Mwanafunzi hujifunza kusikiliza katika lugha moja, kisha akatumwa kusikiliza katika lugha nyingine bila daraja la kumvusha.

Yapo yaliyokwisha kufanyika. Madaktari na watafiti waliohusishwa na mpango wa AMPATH wa Eldoret walichapisha mwaka 2009 matokeo ya kulipima, miongoni mwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya, hojaji mashuhuri la maswali tisa linalotumika kutambua sonona. Kila swali hupewa alama kati ya 0 na 3, na jumla ya juu ni 27. Hojaji hilo lina tafsiri ya Kiswahili, na yeyote aliyesoma somo la tafsiri atafaidika kuikaa chini na kuipima: "kukosa hamu" kunabeba kiasi gani cha dhana asilia, na mzee wa Cheptais analielewaje?

Mfano mwingine ni wa Bungoma yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi, wa umri wa miaka 7 hadi 13, katika maeneo ya Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania. Waliowahudumia hawakuwa wanasaikolojia bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, nao walitumia mbinu ya vikao vya kila juma, watoto wakiwa katika vikundi, pamoja na vikao vichache vya mtoto mmoja mmoja. Upande wa Kenya, nafuu waliyoipata watoto ilikuwa bado inaonekana miezi 12 baadaye. Mwombaji kutoka eneo hili asiyeujua utafiti huo anaacha hoja nzuri mezani. Wapo watakaosema kwamba unathibitisha kwamba uzamili hauhitajiki. Sisi twaona kinyume chake: watu wale walifaulu kwa sababu walikuwa na wasimamizi, na wasimamizi hao sharti watoke mahali fulani.

Waombaji wawili

Tuwaweke mbele yetu waombaji wawili wa kubuni, mmoja wa Kiminini na mwingine wa Cheptais, wote wakiwa na shahada ya ualimu, Kiswahili likiwa somo lao kuu.

Wa kwanza ameandika katika waraka wake wa kujieleza kwamba tangu utotoni amependa kuwashauri watu, kwamba marafiki humjia kwa matatizo yao, kwamba kipaji hicho amepewa na Mungu, na kwamba angependa kuwarudisha vijana wa leo kwenye njia nyoofu. Lugha yake ni safi. Lakini kila sentensi inaidhihirishia kamati kwamba anakuja na majibu tayari, na kwamba vijana hao kwake ni watu waliopotea. Hakuna mahali ambapo amemsikiliza mtu yeyote.

Wa pili ameandika kuhusu mambo matatu pekee. Ameeleza kwamba kwa miaka mitatu amekuwa katika kamati ya mwongozo na ushauri ya shule yake, na kwamba aliomba kutengwa kwa kazi hiyo na ile ya nidhamu. Ameeleza kisa kimoja, kwa namna ambayo mhusika hawezi kutambulika, ambapo mwanafunzi alinyamaza katika vikao viwili na akazungumza katika cha tatu, na kile ambacho yeye mwalimu alikifanya na kutokifanya katika kimya hicho. Mwisho ametaja swali linalomsumbua: wanafunzi wake huzungumza Kisabaot nyumbani na Kiswahili shuleni, na ameona kwamba mambo mazito huyasema kwa Kiswahili, yaani lugha isiyo ya mama. Je, lugha ya pili huwapa umbali wanaouhitaji? Hajui, na ndiyo sababu anataka kusoma.

Waraka wa pili hauna ufasaha wa wa kwanza, lakini unastahili kupita. Twasema hivi tukijua kwamba sisi watu wa Kiswahili tuna udhaifu wa kupenda maneno yaliyopambwa. Katika waraka huu pambo ni hatari. Kamati husoma nyaraka nyingi, na msomaji aliyechoka hukumbuka kisa kimoja cha kweli kuliko methali tano. Tahadhari nyingine: mwombaji aliyewahi kupatwa na msiba au dhuluma asilazimike kuuanika moyo wake wote kwenye fomu. Akitaka kuutaja, autaje kwa kipimo, na aonyeshe amefanya nini nao. Jeraha pekee halimfanyi mtu mnasihi.

Sheria, chuo na gharama

Kabla ya kuandika lolote, mwombaji achague programu, na hapa pesa nyingi za familia huweza kupotea. Mwaka 2014 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni wanataaluma hao. Maana yake ni kwamba cheti hakitoshi tena. Sharti kiwe cheti kinachokubalika kwa usajili. Kwa hiyo maswali mawili ya kwanza kwa ofisi ya chuo ni haya: je, programu hii imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Na wahitimu wake husajiliwa na bodi katika ngazi gani? Ofisi ikibabaika katika swali la pili, mwombaji na ababaike kulipa karo.

Majina ya shahada nayo hupotosha. Uzamili wa elimu katika mwongozo na ushauri, kama ule wa Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, humlenga zaidi mwalimu anayebaki katika mfumo wa shule. Uzamili wa saikolojia ya unasihi, ambao vyuo kama Daystar na USIU vimekuwa vikiutoa kwa miaka mingi, humlenga anayetaka kuwahudumia wateja wa kila aina. Saikolojia ya kliniki, ambayo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, iko karibu zaidi na hospitali. Kwa mkazi wa magharibi, Shule za Elimu za Chuo Kikuu cha Moi na cha Masinde Muliro zina idara za saikolojia ya elimu, na Kibabii kilichoko Bungoma kilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015. Programu hufunguliwa na kusitishwa, kwa hivyo mwombaji aulize kinachofundishwa mwaka anaoomba wala asitegemee brosha ya zamani.

Je, shahada ya Kiswahili inakubalika? Jibu hutegemea aina yake. Mwenye shahada ya ualimu tayari amesoma saikolojia ya elimu na ya makuzi, na mara nyingi somo la mwongozo na ushauri pia. Aonyeshe masomo hayo kwa majina na alama zake, asiiachie kamati kuyatafuta katika nakala ya matokeo. Mwenye shahada ya sanaa, ambaye hakusoma saikolojia hata kidogo, aghalabu hutakiwa kupitia kwanza stashahada ya unasihi au masomo ya kujaziliza. Hili lisimvunje moyo, kwani stashahada hiyo humpa saa za vitendo atakazozihitaji baadaye. Kuhusu madaraja, vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu. Wenye daraja la pili la chini huulizwa tajriba ya kazi, kwa kawaida miaka miwili.

Mwalimu aliyeajiriwa huvutiwa na masomo ya likizo. Yanamfaa, kwa kuwa haachi mshahara. Lakini unasihi haufundishiki kwa mihadhara peke yake. Mwanafunzi sharti aketi na wateja halisi chini ya usimamizi, na zipo programu zinazomtaka naye aketi kama mteja mbele ya mnasihi mwingine. Aulize mapema: vitendo vitafanyika wapi? Anayesoma mbali na kuishi Kitale aweza kujikuta akipanda matatu kila Ijumaa kwa ajili ya kikao cha saa moja cha usimamizi, na nauli hiyo haimo kwenye jedwali la karo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ina mikopo ya wanafunzi wa uzamili, nayo ni vyema kuulizia kabla muhula haujaanza.

Warejelewa na mahojiano

Warejelewa wawili au watatu hutakiwa. Kosa la kawaida ni kumtafuta mtu mkubwa badala ya mtu anayekujua. Barua ya mhadhiri aliyeisimamia tasnifu yako ya mwaka wa nne kuhusu lugha ya maombolezo ina uzito kuliko ya profesa aliyekuona mahafalini. Umpe nakala ya waraka wako, wasifu-kazi na muda wa kutosha. Mmoja wa warejelewa awe ameiona kazi yako na watu: mwalimu mkuu, msimamizi wa kituo cha afya, au kiongozi wa kanisa au msikiti uliyefanya naye kazi ya kuwafariji waliofiwa.

Katika mahojiano, waombaji huulizwa mara kwa mara jinsi ambavyo wangemshughulikia mtu fulani. Swali la mtu anayefikiria kujiua ni la kutarajiwa. Hapa ujuzi wa sheria husaidia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, na wateja wengi waliuma midomo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwombaji anayelijua jambo hilo, na anayejua pia mipaka ya siri, yaani kwamba mnasihi hawezi kunyamaza maisha yanapokuwa hatarini, ataonekana kuwa ameifikiria kazi kabla ya kuiomba.

Aweza kuulizwa pia: kwa nini Kiswahili? Asiombe radhi. Aeleze "tu" ni nini.

Pendekezo la utafiti

Vyuo vingi havitaki pendekezo kamili wakati wa kuomba, bali wazo lililoandikwa katika kurasa chache. Mhitimu wa Kiswahili ana shamba ambalo halijalimwa vya kutosha. Istilahi pekee ni kazi ya tasnifu kadhaa: kihoro, simanzi, jitimai, fadhaa, wahaka na kiwewe yamo kamusini, lakini ni yapi husemwa katika soko la Chwele, na husemwa kwa hali zipi? Vijana wa Kitale wanapotumia "stresi", je, wamelikopa neno tu au wamekopa pia namna mpya ya kujieleza? Vilevile, mkalimani anayekaa baina ya mnasihi na mzee wa Kisabaot hufanya nini na kimya: hukitafsiri au hukijaza?

Maswali ya namna hiyo yanagusa watu walioumia, na hapa mtafiti wa lugha hana budi kujifunza adabu mpya. Katika fasihi simulizi tumezoea kwenda nyanjani tukiwa na kinasa sauti na kurudi na hadithi. Hapa atahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Atalazimika pia kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zaidi ya karatasi hizo, awe amepanga tangu mwanzo ni mnasihi gani, katika kituo kipi kilicho karibu na nyumba ya msimuliaji, atakayempokea mtu huyo iwapo swali la utafiti litafungua kile kilichokuwa kimefunikwa. Wazo la utafiti lisilo na jina la kituo hicho halijawa tayari kutumwa.